Hiyo "Njia ya Siri" Mliyogundua Matumbi, Bibi Anaipita Kila Siku na Kuni Kichwani

Haya jamani, leo tunaacha kidogo habari za nani kaachana na nani. Wiki nzima kuna video inazunguka, kila mtu anamwaga vimoyo, na mimi kila nikiiona roho inaniuma. Nimesubiri mtu aseme, kimya. Basi ngoja niseme mimi.

Video mmeiona. Staa mmoja wa mjini, mdada, wafuasi wake ni wengi kuliko watu wa wilaya ya kwetu nzima. Jina silitaji, na ukilitaja kwenye komenti naifuta, sitaki hii iwe vita ya mtu mmoja. Anakimbia msituni asubuhi na mapema. Ukungu, jua linachungulia kwenye majani, nguo za mazoezi rangi moja kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka soksi, droni inamfuata kutoka juu. Muziki mtamu. Kepsheni inasema amegundua "njia ya siri" kwenye milima ya Matumbi ambayo hakuna mtu anaijua.

Sasa irudie tena, ila safari hii usimwangalie yeye. Angalia upande wa kushoto, katikati ya video. Kuna bibi anakuja kutoka mbele, kanga mbili, mzigo wa kuni kichwani, peku. Njia ni nyembamba, haitoshi watu wawili. Bibi anasimama, anatoka njiani, anaingia kwenye majani yenye umande mpaka magotini, mkono mmoja umeshika mzigo usidondoke. Staa anapita. Hedifoni masikioni. Hakuna shikamoo, hakuna hata kupunga mkono. Bibi anageuza shingo kumtazama, halafu video inakata.

Njia ambayo hakuna mtu anaijua, eti. Na huyo bibi alikuwa anatoka wapi?

Kabla hamjasema "wivu huo"

Mimi ni mtoto wa Kibiti. Baba Mndengereko, mama Mmatumbi. Shule nimesoma Kibiti, likizo nilikuwa napelekwa kwa bibi mzaa mama, kule juu milimani. Sasa hivi nakaa Mbagala, na kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu niko barabarani na jogging club yetu. Kwa hiyo mtu asije akaniambia sielewi raha ya kukimbia. Naielewa, na magoti yangu yanaielewa zaidi.

Na najua kwa nini watu wamechoka na lami. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni Tokyo Septemba 2025, ya kwanza kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, kila mtu mjini ni mkimbiaji. Ukienda Daraja la Tanzanite Jumamosi asubuhi utadhani kuna maandamano. Mnapishana na watu, mnapishana na wapiga picha, moshi wa magari unawasubiri mbele. Watu wakaanza kwenda Pugu na Kazimzumbwi, wengine wakapanda Morogoro kwenda Morningside, wenye nafasi wakafika Lushoto. Huko ukikimbia unakanyaga udongo na majani makavu. Mguu unabidi ufikirie: hapa mzizi, hapa jiwe, hapa utelezi. Kilomita 5 za mlimani zinakuchosha kuliko 10 za Barabara ya Kilwa, lakini unarudi umetua kitu fulani ambacho ulikuwa umekibeba wiki nzima. Simlaumu staa kwa kupenda msitu. Hata mimi napenda.

Shida yangu ni lile neno: kugundua.

Jiografia kidogo, kwa wale waliozoea kupita na basi tu

Wengi wenu mkisikia Rufiji mnawaza maji, na hamjakosea. Delta ni mikoko, ndiyo misitu mikubwa kabisa ya mikoko Afrika Mashariki, na humo hakuna cha kukimbia. Tope lile linakumeza kiatu mpaka kifundo, na barabara ni mtumbwi. Kibiti mjini ni mchanga, mikorosho, minazi na miembe, kwa kuruka unaruka lakini mlima hakuna. Ukiendelea kusini unafika Ikwiriri, jirani hapo kuna msitu wa Ngumburuni, nao ni tambarare. Unavuka mto kwa Daraja la Mkapa, lile la 2003 ambalo limetuokoa na foleni za kivuko, unapita Muhoro, na ukiiacha lami kuelekea Kipatimu ndipo nchi inaanza kujikunja. Hiyo ndiyo milima ya Matumbi.

Usitegemee Kilimanjaro. Haifiki hata mita 1,000. Ila ina misitu, ina mabonde yenye giza saa sita mchana, ina mawe ya chokaa na mapango chini yake, na vijiji vimekaa mgongoni mwa vilima. Kati ya kijiji na kijiji, kati ya nyumba na shamba, kati ya shamba na kisima, kuna njia za miguu. Ndizo hizo mnaziita njia za siri.

Hizo njia hakuna serikali iliyozichonga wala mhisani aliyezifadhili. Zimechongwa na visigino. Njia ikiwa haipitwi miezi michache msitu unaifunga, sasa ukiikuta safi, nyeupe, imebonyea katikati, ujue kuna watu wanaipita kila siku ya Mungu. Mwanafunzi anaipita kwenda shule. Mama mjamzito anaipita kwenda zahanati, au anabebwa kwa machela. Usafi wa hiyo njia uliokuvutia wewe kupiga picha ni jasho la watu.

Zimebeba mambo makubwa kuliko mbio zetu

Shuleni tulifundishwa Maji Maji kama jibu la mtihani: 1905 mpaka 1907, Wajerumani, pamba, Kinjeketile. Tukaandika, tukapata alama, tukasahau. Nilipokuja kuelewa kwamba ni kwetu, kwenye vilima vilevile nilivyokuwa nachungia mbuzi wa bibi, nilikaa kimya.

Kinjeketile alikuwa Ngarambe. Watu walitoka huko milimani na mbali zaidi, kwa miguu, wakapita kwenye njia hizi hizi za msituni kwenda kuchukua maji ya dawa. Habari ilisambazwa kwa kunong'onezana, kijiji mpaka kijiji, mbele ya pua ya Mjerumani. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjeketile akanyongwa Muhoro. Ndiyo, Muhoro hiyo hiyo ambayo basi likisimama mnanunua korosho kupitia dirishani.

Kwa hiyo dada yangu staa, huko milimani watu walishakimbia. Walikimbia na ujumbe, na wengine walikimbia kuokoa roho, wakajificha na watoto mapangoni. Wajukuu wao ndio waliokupisha njia.

Halafu kuna 2017

Hii sehemu sipendi kuiandika, lakini bila hii hamtaelewa kwa nini ile video imeniuma.

Mnaikumbuka Kibiti ya 2016 na 2017? Ninyi mlikuwa mnaiona kwenye taarifa ya habari. Sisi tulikuwa tunapigiwa simu. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji waliuawa, watendaji waliuawa. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Kukatungwa jina la kuunganisha wilaya tatu, MKIRU, na ukisema mjini umetoka huko mtu anakuangalia mara mbili. Novemba mwaka huo mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji yale, alichukuliwa Kibiti na mpaka leo familia yake haijapata jibu.

Wakati ule njia ya msituni ilikuwa kitu cha kuogopa. Ukionekana unatoka porini alfajiri, upande huu wanakuuliza unatoka wapi, upande ule wanakuuliza umeona nini. Mama mdogo wangu aliacha shamba lake la mihogo msimu mzima, si kwamba alikuwa mvivu, ila njia ya kwenda huko inapita kwenye pori. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta nguruwe pori wamemaliza na njia yenyewe imefungwa. Alianza upya na panga, yeye na jirani zake.

Sasa fikiria huyo mama anapoona mgeni asiyemjua, amevaa nguo za kubana, anatoka porini saa kumi na mbili asubuhi, kitu kinalia angani juu ya kichwa chake, na hasalimiwi. Wewe unaona mazoezi. Yeye mwili wake unakumbuka kitu kingine. Salamu siyo urembo huko. Salamu ndiyo kitambulisho. Ukisema shikamoo, ukajibiwa marahaba, ukaulizwa "mtoto wa nani?", ukajibu, tayari umeshajulikana wewe ni mtu mwema na uko salama, na yeye yuko salama. Sekunde 10 tu. Mbio zako hazitaharibika.

Na wenye msitu wengine hawana akaunti Insta

Kuna kitu kingine video haikuonyesha. Upande wa magharibi wa nchi ile ni Hifadhi ya Nyerere, zamani Selous. Wanyama hawasomi ramani. Tembo wanashuka mashambani, wanakula, wanaondoka. Wenyeji wanajua mwezi gani wanapita wapi, mgeni hajui.

Na simba. Kati ya 2002 na 2004 Rufiji kulikuwa na simba aliyeua watu zaidi ya 30 kabla hajapigwa risasi. Watu walimbatiza Osama. Wakulima wa kwetu wakati wa mavuno wanalala shambani juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa, ili walinde mpunga wasiliwe na nguruwe na tembo. Waliokufa wengi walikuwa watu wa namna hiyo, wanalinda chakula chao. Sisemi kila kona kuna simba anakusubiri, msije mkaogopa kwenda. Nasema mtu anayekimbia peke yake alfajiri na hedifoni masikioni kwenye nchi ile, halafu anawaambia vijana wengine "njooni huku ni raha tu", anacheza na maisha ya watu wasiojua.

Ulaya wenzetu wana mbio moja kubwa ya kuzunguka Mont Blanc, UTMB, ilianza 2003, kilomita kama 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi. Kule kuna helikopta, kuna madaktari, na bado mkimbiaji halazwi damu: lazima abebe taa, maji, koti la mvua, filimbi na simu, asipokuwa navyo hakimbii. Huku kwetu mtandao wa simu unakata ukiingia bonde la kwanza, na mtu anaondoka na chupa ndogo ya maji na fimbo ya kupigia selfi.

Naomba niungame

Msinione mtakatifu. Miaka miwili iliyopita nilichukua wenzangu 9 wa jogging tukaenda kwa bibi. Nilijisikia sana, mwenyeji wao. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ndiye alituongoza. Alitangulia mbele na panga siku nzima, akatuonyesha pa kuvuka, akambeba mwenzetu mmoja aliyeteguka mguu kutoka bondeni mpaka barabarani, kama dakika 40 hivi mlima mtupu. Jioni tulivyokuwa tunapanda gari nikampa shilingi elfu tano. Nilimpa huku nacheka, kindugu.

Tulipost mwezi mzima. Mmoja wetu alipata dili la viatu kupitia zile picha, na siyo viatu vya mitumba, viatu vya laki nne. Siku moja mdogo wangu akanipigia, akaniambia kwa upole kabisa: "Dada, nimeona picha zenu zimependeza. Mgongo wangu umeonekana kwenye mbili." Akacheka, akaniuliza kama watu wangu watakuja tena, ili safari hii ajipange.

Sikulala vizuri siku hiyo. Mgongo wake. Hata jina hatukuweka, wala kumuuliza kama anataka liwekwe. Na ile elfu tano, mjini tunainunulia chipsi yai na soda.

Kwa hiyo nikisema staa amekosea, najua ninachokisema, maana kosa lenyewe nimelifanya kwa ndugu yangu wa damu.

Majibu kwa mawakili wake

Nimesoma komenti zote chini ya ile video na kwenye kurasa za udaku zilizoirudia. Hoja zenu ni tatu.

Ya kwanza: "Njia ni ya umma, kila Mtanzania ana haki kupita." Kupita, ndiyo. Hakuna mtu kijijini atakuzuia kupita, watakupa na maji ya kunywa. Lakini ulienda na gari mbili, mpiga picha, droni na bidhaa ya kutangaza. Hiyo ni kazi. Na msitu una wenyewe kisheria: ya serikali iko chini ya TFS na ina taratibu na ada zake za kuingia, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu vijiji kuwa na misitu yao wenyewe na kujiwekea taratibu. Hapo hapo Kilwa kuna vijiji vimepata cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo tangu 2009, wanahesabu miti yao na kuuza kwa utaratibu, na pesa inarudi kijijini. Watu wanaohesabu mti mmoja mmoja hamwezi kuwaambia msitu wao hauna mwenyewe.

Ya pili: "Anatangaza utalii bure, mnapaswa kumshukuru." Hii nusu naikubali. Jina la kwetu limekaa kwenye habari kwa mauaji na kwa mafuriko tu, kama yale ya 2024 yaliyofagia mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Kuona mtu ameandika kitu kizuri kuhusu kusini ya mto, kusema kweli sekunde tano za mwanzo nilifurahi. Ila tangazo la bure linamlipa nani? Kepsheni haina jina la kijiji. Haina namba ya mwenyeji yeyote. Mtu akitaka kwenda ataishia kumuuliza yeye, na yeye ataandaa safari, na bei itakuwa ya mjini. Lushoto walilijua hili mapema. Tangu miaka ya 1990 kule kuna utalii wa kitamaduni: unafika, unapewa kijana wa palepale wa kukuongoza, unalipa ada, na sehemu ya pesa inaingia kwenye mambo ya kijiji. Usambara haijafungwa, wageni wanamiminika. Na yule kijana ana kazi.

Ya tatu: "Kuhusu bibi, mnakuza mambo, hakumwona." Inawezekana. Ukikimbia mlimani unaangalia miguu. Lakini video imehaririwa. Kuna mtu alikaa na kompyuta, akaiangalia mara ishirini, akachagua muziki, akapandisha rangi za majani. Kati yao wote hakuna aliyemwona? Au walimwona wakasema mwache, anapendezesha? Mimi hilo la pili ndilo linaloniogopesha. Bibi wa watu amegeuzwa kama mti, sehemu ya mandhari.

Sasa tufanyeje? Maana nataka mwende

Nikiandika haya kuna mtu atasema Kibiti hawataki wageni. Sitaki hilo kabisa. Nataka mje. Nataka siku moja kuwe na mbio za Matumbi, watu wapande kutoka bondeni mpaka kijijini, akina mama wauze uji na mihogo mwishoni, watoto wa huko washiriki na wawashinde, maana watawashinda. Ila tuanze hivi.

Ukifika kijijini, kabla ya kufunga kamba za viatu, pita ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti. Jitambulishe, sema mko wangapi, mnapita wapi, mnarudi saa ngapi. Ikitokea umepotea, hao ndio watakaokutafuta.

Chukua mwenyeji na mpatane bei kabla hamjaondoka. Siyo "tutaangalia jioni". Jioni huwa tunaangalia pembeni. Mlipe kama unavyomlipa mpiga picha wako, maana bila yeye picha zenyewe usingezipata.

Nenda kiangazi, kuanzia Juni. Masika njia zinakuwa mito na hata gari halifiki. Usitoke kabla hakujapambazuka vizuri, na mwenyeji akisema leo upande huu hatupiti, usibishane naye.

Hedifoni acha kwenye gari. Msikilize ndege, msikilize tembo, na msikilize mtu anayekuja.

Ukikutana na mtu amebeba mzigo, wewe ndiye unayetoka njiani. Wewe umebeba simu, yeye amebeba kuni. Unasimama, unasalimia, anapita, unaendelea. Saa yako ya kuhesabia mwendo ina kitufe cha kusimamisha.

Picha ya mtu, muulize. Akikataa, amekataa. Akikubali, muulize na jina, uliandike.

Na ukipost, taja kijiji. Mtaje aliyekuongoza. Kama umelipwa na kampuni kwa hiyo video, kumbuka kuna zahanati juu ya kile kilima na njia yake ndiyo hiyo hiyo uliyokimbilia.

Mwezi jana nilimpigia mdogo wangu nikamwambia tunakuja tena, watu 12, na kila mmoja atalipa, nikamtajia hesabu. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekata. Akasema, "Basi dada nitakwenda kuifyeka ile ya kupitia kisimani, ni nzuri zaidi, sikuwaonyesha." Halafu akaniuliza kama bibi awapikie wageni wali au ugali wa muhogo. Nikamwambia aulizwe bibi mwenyewe, na alipwe.

Staa wetu, ukiisoma hii, na najua kuna mtu atakutumia, sina ugomvi na wewe. Unakimbia vizuri, una pumzi kuliko mimi. Rudi tu kule juu, safari hii na zawadi ya kanga, umtafute yule bibi. Siyo kazi ngumu, kijiji ni kidogo, waonyeshe tu video watakupeleka mpaka mlangoni. Muamkie. Hiyo video ukiipost, mimi wa kwanza kuweka kimoyo.

Haya, uwanja ni wenu. Ulishawahi kwenda kukimbia au kupanda mlima kwa watu, ukamlipa aliyekuongoza shilingi ngapi? Tuambiane ukweli hapo chini, mimi yangu nimeshasema: elfu tano, na aibu yake.